Kwenda makaburini na wakwe wa Kichina: mwongozo kamili wa siku ya Qingming

Ukioa au ukiolewa katika familia ya Kichina, hasa kule Guangdong, jimbo la kusini mwa Uchina ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki na Kongo huenda kufuata mzigo, kuna siku mwanzoni mwa Aprili ambayo mama mkwe atakuonya mapema usiipangie jambo jingine. Familia nzima inakwenda kuwasafishia wazee makaburi. Usichukulie kuwa ni matembezi. Ukiitwa, ujue umeshahesabiwa mtu wa nyumba, na utakavyojiweka mbele ya kaburi kutasimuliwa na mashangazi hadi mwaka unaofuata.

Kabla ya kushika udi, elewa jambo moja, kwa sababu mengine yote yanatoka humo. Katika mila hii mzee aliyekufa hajatoka kwenye familia. Amehamia upande mwingine, na huko bado anakula, anavaa, anatumia pesa na anapenda kupewa habari za nyumbani. Wanaomhudumia ni wanawe na wajukuu, na yeye kwa upande wake huwatazama na kuwaombea heri. Kwa hiyo kazi ya siku hiyo ni kazi ya nyumbani iliyopelekwa mlimani: kufagia, kupanga meza, kumimina chai, kuanza na wakubwa. Aliyelelewa kwa shikamoo hatapata taabu kubwa.

Nitafuata zaidi desturi za Guangdong. Uchina ni kubwa, na kijiji kimoja hutofautiana na cha pili, kwa hiyo mkubwa wa familia akisema vinginevyo, mfuate yeye.

Jua siku yenyewe

Qingming (tamka chingming) hufuata mwendo wa jua, ndiyo maana haihamihami kama Mwaka Mpya wa Kichina. Huwa tarehe 4 au 5 Aprili, takriban siku 15 baada ya mchana na usiku kulingana mwezi Machi. Mwaka 2026 na 2027 ni tarehe 5. Mwaka 2028 na 2029 ni tarehe 4. Desturi ni ya kale: mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang aliipa idhini rasmi mwaka 732. China Bara iliifanya siku ya mapumziko ya taifa mwaka 2008.

Si lazima mwende siku yenyewe. Barabara hufurika magari na vijia vya makaburini havipitiki, kwa hiyo familia nyingi huchagua wikendi ya kabla au ya baada, na Guangdong wako wanaoendelea mpaka Aprili iishe. Isipokuwa kaburi jipya. Kama mzee amefariki ndani ya mwaka uliopita, huenda kwake mapema zaidi, katikati ya Machi hivi, kabla ya siku ya jadi ya kumheshimu mungu wa ardhi. Muulize mwenzi wako, maana kosa hili huwaumiza wafiwa.

Ziko siku nyingine pia. Tarehe 9 ya mwezi wa tisa wa kalenda ya mwezi, ambayo huangukia Oktoba hivi, watu wa Hong Kong na Guangdong hupanda tena makaburini. Kaskazini, ambako baridi huanza mapema, tarehe 1 ya mwezi wa kumi wa kalenda hiyo huchomwa nguo za karatasi ili wazee wasipigwe na baridi. Halafu kuna tarehe 15 ya mwezi wa saba, ambayo wageni wengi huichanganya na Qingming. Siku hiyo inahusu zaidi mizimu isiyo na kwao, waliokufa bila watoto wa kuwahudumia. Chakula chao huwekwa nje ya mlango, kamwe si mahali pamoja na cha wazee wa nyumba.

Maswali ya kuuliza nyumbani kwanza

La kwanza: wazee wako wapi? Zamani jibu lilikuwa kilimani. Kaburi la jadi la kusini hujengwa kwenye mteremko, mgongo ukiegemea mlima na mbele kukiwa wazi, likiwa na ukuta mfupi uliopinda kulizunguka. Katika baadhi ya koo, mifupa hufukuliwa baada ya miaka kadhaa, ikasafishwa mmoja mmoja, ikapangwa ndani ya mtungi mrefu wa udongo, miguu chini na fuvu juu, kisha ikazikwa upya mahali palipochaguliwa kwa uangalifu. Ukiona mitungi imejipanga pembeni mwa mlima, usiisogeze wala usiifunue. Mjini siku hizi maiti huchomwa na majivu huwekwa kwenye kaburi dogo la saruji au kwenye jengo lenye vijumba vya ukutani vilivyopangwa safu juu ya safu. Huko hakuna majani ya kufyeka. Utabeba kitambaa na maua.

La pili: je, kuchoma karatasi kunaruhusiwa? Makaburi mengi ya mijini yamepiga marufuku moto, mengine yana tanuri maalumu. Vilimani hatari ni kubwa, kwani majani huwa makavu na upepo unavuma.

La tatu, na hili watu huliogopa: nafasi yako ni ipi? Kwa kanuni ya zamani ukoo unapitia kwa wanaume. Mke wa mtoto wa kiume ni wa ukoo huo, na akifa kibao chake cha mbao chenye jina kitawekwa madhabahuni pamoja na cha mumewe. Binti aliyeolewa anahesabiwa kwa mumewe. Maana yake dada wa Kitanzania aliyeolewa na kijana wa Kichina anaweza kujikuta ndani zaidi ya mambo kuliko kaka wa Kikenya aliyemuoa binti yao. Mijini hili limelegea sana, hasa katika familia zenye binti mmoja tu. Vijijini bado lina uzito, na sioni faida ya kulibishania mbele ya kaburi.

Vitu vya kubeba

Kwa usafi: mundu au panga, fagio, ndoo, kitambaa, glavu, kopo dogo la rangi na brashi nyembamba. Kwa tambiko: vijiti vya udi, mishumaa miwili, karatasi za kuchoma na maua, kwa kawaida krisanthemamu nyeupe au za njano. Waridi jekundu liache dukani.

Chakula ndicho roho ya safari. Meza ya Guangdong haikamiliki bila kuku mzima wa kuchemsha, kichwa na miguu vikiwemo, maana kuku aliyekatwakatwa ni chakula pungufu. Familia yenye uwezo, au ukoo uliochangishana, huagiza nguruwe mzima wa kuchoma, ngozi ikiwa nyekundu na inakatika kwa mlio. Huongezwa matunda, keki za mvuke za unga wa mchele na miwa. Shanghai na Hangzhou utakuta vitumbua vya kijani vya mchele wa kunata, vilivyotiwa rangi kwa majani ya mmea wa jamii ya pakanga na kujazwa maharage matamu. Vikombe huwa vitatu vya chai na vitano vya pombe ya mchele, pamoja na vijiti vya kulia. Kama babu alipenda sigara fulani au peremende, inabebwa hiyo hiyo.

Wewe mgeni ulete matunda mazuri na maua. Hakuna atakayekulaumu, na huna haja ya kubahatisha mengine.

Vaa nguo za rangi tulivu: nyeusi, kijivu, bluu iliyoiva, nyeupe. Nyekundu ni rangi ya harusi. Viatu viwe vya kupandia mlima, maana kitenge na kandambili havitafika. Mjamzito huambiwa abaki nyumbani. Ukiwa na mimba na wazee wakakuzuia, huko ni kukulinda kwa namna yao.

Siku yenyewe, mbele ya kaburi

Ondokeni asubuhi. Wazee hawapendi kuwa makaburini jua likianza kushuka, na wengi huhesabu saa tisa alasiri kuwa mwisho. Njiani usiruke kaburi la mtu, usikanyage ukingo wake, usinyooshee kidole picha ya marehemu na usisome majina kwa sauti.

*Kusafisha.* Hapa ndipo mgeni anapopata heshima kwa urahisi. Chukua mundu kabla hujaombwa. Ng'oeni magugu, fagieni majani, futeni jiwe kwa kitambaa chenye maji. Kisha mtu mwenye mkono mtulivu hupitisha rangi upya kwenye maandishi yaliyofifia. Usichovye brashi kabla ya kuuliza rangi. Kwenye kaburi la mume na mke, mara nyingi jina la aliyekwisha kufa huwa na rangi moja, na jina la aliye hai huwa limeshachongwa pembeni likiwa jekundu, likisubiri. Unaweza kumkuta bibi yuko pale pale anafagia mbele ya jina lake mwenyewe huku anacheka na wajukuu. Ukimpaka rangi ya wafu, umemzika.

Baadaye karatasi za tambiko hutandazwa juu ya kaburi na kubanwa kwa mawe. Ni alama kwa wapita njia kwamba kaburi hili lina wenyewe.

*Mungu wa ardhi kwanza.* Pembeni mwa makaburi ya kusini kuna jiwe dogo la mlinzi wa ardhi ya mahali hapo. Huyu hupewa udi na chakula kabla ya wazee, kama unavyopiga hodi kwa mjumbe kabla ya kuanza shughuli mtaani. Wageni hulipita bila kuliona.

*Kupanga meza.* Kuku na nguruwe hukaa mbele, kichwa kikielekea kaburi. Vikombe hupangwa mstari mmoja karibu na jiwe, vijiti vya kulia kando yake. Mishumaa huwashwa kulia na kushoto.

*Udi.* Kila mtu hushika vijiti vitatu. Viwashe kwenye mshumaa mpaka vishike vizuri, kisha zima mwali kwa kupunga mkono au kutikisa. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ya mdomoni huonekana chafu kwa kazi hiyo. Vishike kwa mikono miwili, vipandishe usawa wa paji la uso, inama mara tatu polepole, kisha vichomeke wima kwenye chungu cha mchanga au kwenye udongo. Kumbuka sura hiyo ya vijiti vilivyosimama, kwa sababu ndiyo sababu hutakiwi kamwe kusimamisha vijiti vya kulia ndani ya bakuli la wali mezani. Unakuwa umewapikia wafu.

Wanaotangulia ni wakubwa, lakini ukubwa hapa ni wa kizazi. Baba mdogo wa miaka 12 huweza kumtangulia mtoto wa kaka yake mwenye miaka 30. Katika koo nyingi kila kizazi hushiriki silabi moja ya jina, hivyo ukisikia jina tu unajua anasimama wapi. Wewe simama na mwenzi wako, na mtoto wenu mbele yenu.

Vijijini baadhi hupiga magoti na kugusa ardhi kwa paji la uso mara tatu. Mijini kuinama kunatosha.

*Kuzungumza.* Mkubwa wa familia huongea na marehemu kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kughani. Babu, tumekuja. Mwaka huu mvua ilikuwa nyingi, ukuta wako umeingia ufa, tutaurekebisha. Fulani amefaulu mtihani. Huyu hapa ni mke wa mjukuu wako, ametoka mbali, Afrika, na huyu ni kitukuu chako. Ukifika hapo, inama. Ukitaka kusema neno, sema kwa Kiswahili. Nimewahi kusikia wakwe wakijibu kwamba wazee huko waliko hawahitaji mkalimani. Taja jina lako na la mtoto. Usianze kuomba bahati ya bahati nasibu siku ya kwanza.

Wakati huo chai na pombe humiminwa taratibu, mara tatu, na mwishoni humwagwa ardhini mbele ya jiwe.

*Kusubiri wale.* Hapa mgeni huanza kuchungulia simu. Vumilia. Wazee wanahitaji muda wa kula, na watu huupima kwa udi kuungua. Kwa watu wa Chaoshan, mashariki mwa Guangdong, na jirani zao wa Fujian na Taiwan, kuna njia ya kuuliza kama wameshiba. Hutumika vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga, kila kimoja upande mmoja bapa na wa pili mbinuko. Anayeuliza huvishika pamoja, hunong'ona swali, huviangusha. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mbinuko juu, jibu ni ndiyo. Vyote viwili vikionyesha mbinuko, bado, subirini. Vikionyesha bapa vyote, mzee anacheka, uliza tena vizuri. Nimeona watoto wenye njaa wakivitazama vipande vile kwa imani kubwa kuliko ya padri.

*Karatasi na moto.* Kila aina ya karatasi ina kazi yake. Zile zenye bati la dhahabu au fedha hukunjwa zifanane na vipande vya dhahabu vya kale, na mara nyingi bibi na wajukuu huzikunja jioni nzima kabla ya safari. Kuna noti za benki ya kuzimu zenye sifuri nyingi kuliko uchumi wowote duniani unavyohimili. Kuna nguo, viatu, nyumba ya ghorofa, gari na simu, vyote vya karatasi, ili mzee asipitwe na wakati.

Choma ndani ya pipa la chuma au kwenye shimo lililosafishwa kandokando. Tia kidogo kidogo, kwa sababu bunda nene huungua nje tu na katikati hubaki, na pesa isiyoungua haijafika. Kwa sababu hiyo hiyo usiichokoe ovyo ikararuka. Kaa na ndoo ya maji karibu na usiondoke mpaka majivu yazimike kabisa. Wazima moto wa Hong Kong hujiandaa kila msimu wa makaburi kwa sababu ya watu walioondoka mapema. Noti hizo usizitie kwenye pochi wala usimpe mtu kwa utani, hata kama zinachekesha.

Pale ambapo fataki zinaruhusiwa, hupigwa mwisho.

*Kula.* Baraka ya chakula iko katika kukila. Nguruwe hukatwa pale pale kwa panga na kila nyumba ya ukoo hupata fungu lake, au chakula hurudishwa na kuliwa mezani pamoja. Kukataa kila kitu kunaonekana kama kukataa undugu, kwa hiyo kula tunda au keki angalau.

Kama wewe ni Mwislamu au Mkristo

Watu hulikwepa swali la kama dini yao inawaruhusu kushiriki mpaka wafike mlimani, udi ukiwa umeshawashwa na macho yote kwako. Lizungumze na mwenzi wako wiki kadhaa kabla, naye awaeleze wazazi kwa lugha yao.

Uchina wenyewe una majibu yake. Waislamu wa kabila la Hui huzuru makaburi ya jamaa zao, husoma Qur'ani na kuomba dua, bila kuchoma karatasi wala kuwaandalia wafu meza. Pale Guangzhou, mji mkuu wa Guangdong, msikiti wa Xianxian, ambako Waafrika wengi husali Ijumaa, uko kando ya kaburi ambalo mapokeo yanasema ni la sahaba Sa'd bin Abi Waqqas, na watu hulizuru. Kwa Wakatoliki, suala hili lilibishaniwa zaidi ya karne moja: Roma ilizipiga marufuku desturi hizi mwanzoni mwa karne ya 18, kisha mwaka 1939, chini ya Papa Pius XII, ikaruhusu heshima kwa wazee kama jambo la kijamii. Makanisa mengi ya Kiprotestanti bado yanakataa udi na kuinama lakini hayana neno na maua.

Ushauri wangu ni kwamba kusafisha hakuna dini inayokupinga. Fyeka, futa jiwe, weka maua, simama kimya na omba kwa njia yako wengine wakiinama. Mkwe aliyekuona umelowa jasho kwa ajili ya kaburi la mama yake hatahesabu umeinama mara ngapi. Kuhusu nguruwe, sema mapema tu. Wanajua Waislamu hawali, wanachochukia ni kushtukizwa.

Mkirudi nyumbani

Waguangdong wengi hunawa kwa maji yaliyolowekwa majani ya balungi kabla ya kuingia ndani, ili wasiingie na kitu cha makaburini.

Nyumbani pengine kuna madhabahu ndogo: vibao vyembamba vya mbao vyenye majina, au picha, chungu cha udi na taa nyekundu. Madhabahu hii huhudumiwa mwaka mzima, hasa tarehe 1 na 15 za kalenda ya mwezi na usiku wa kuamkia Mwaka Mpya. Usiweke funguo, simu au mizigo juu yake, na usihamishe chungu cha udi hata kama unafuta vumbi. Kina siku na mtu wake wa kukigusa. Ukitaka kuona mila hii katika ukubwa wake, nenda jumba la ukoo wa Chen pale Guangzhou, lililokamilika mwaka 1894 kwa michango ya watu wa jina hilo kutoka wilaya nyingi. Siku hizi ni makumbusho.

Uliza pia kuhusu kitabu cha nasaba. Kama ukoo unacho, jina la mtoto wenu linapaswa kuandikwa humo, na Qingming, wazee wote wakiwa pamoja, ndio wakati mzuri wa kulizungumza.

Mkiwa mbali na kaburi

Familia iliyoko Dar es Salaam au Nairobi haiwezi kupanda ndege kila Aprili. Mila inaruhusu kutambika kwa mbali. Kaskazini mwa Uchina mtu aliye mbali na kwao huchora duara chini kwa chaki, huacha mwanya upande unaoelekea kwao, hutamka jina la mzee na kijiji chake, kisha huchoma karatasi ndani ya duara. Chache huchomwa nje ya duara kwa mizimu ya njiani, wasije wakapora za mwenye jina. Uani kwenu, mbali na makuti na mitungi ya gesi, inawezekana. Mwambie jirani kwanza.

Wachina walioko Dar wana pia mahali pa kwenda. Gongo la Mboto kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofia Tanzania, wengi wao wakati wa ujenzi wa TAZARA, reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Qingming ikifika, watu wa ubalozi na kampuni za Kichina huenda pale na maua. Utaratibu wao ni wa kiserikali: maua, kimya kifupi, kuinama mara tatu. Ukialikwa, huna cha kuhofia wala cha kupika.

Kwa meza ya nyumbani, kuku, matunda, vikombe vitatu vya chai na picha ya marehemu vinatosha. Vijiti vya udi Kariakoo vipo. Ipige picha meza kabla hujaondoa chakula, umtumie mama mkwe kwa WeChat, naye atakuambia vikombe ulivyovikosea mpangilio.